Kuziba sakafu ya fuvu baada ya upasuaji wa endoskopi kupitia puani: hatua kwa hatua

Uvimbe umetoka. Kwenye skrini ya endoskopi, kamera nyembamba iliyopitishwa puani, neva za macho zinaonekana zimeachiwa, damu imetulia, na mmesimama thieta tangu asubuhi. Hapo ndipo makosa mengi ya kuziba hufanyika, kwa sababu mikono imechoka na moyo umeshaamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Lakini kati ya ubongo na pua, mahali pasipokosa bakteria hata siku moja, sasa pana tundu. Na ubongo haupumziki: hutengeneza maji yake takriban mililita 20 kila saa, karibu nusu lita kwa siku. Maji hayo yakipata upenyo yatatoka, na bakteria wa homa ya uti wa mgongo wataingilia palepale yanapotokea.

Mwongozo huu nimeuandika kwa daktari wa pua au wa ubongo anayejifunza kazi hii chini ya usimamizi, na kwa manesi wa thieta na wodini wanaoibeba pamoja naye. Nina neno moja ambalo nitalirudia hadi mwisho: tundu halivuji katikati, linavuja pembeni. Ukitaka kujua kama ulichoziba kitashika, usihesabu tabaka ulizoweka. Kagua kingo.

Panga kuziba kabla hujafungua

Siku moja kabla, keti na picha za CT na MRI pamoja na mwenzako wa upande wa pili, maana kazi hii ni ya daktari wa pua na daktari wa ubongo kwa pamoja. Jiulizeni tundu litakuwa wapi na kubwa kiasi gani. Uvimbe mdogo wa tezi ya pituitari unaweza kutoka bila tone la maji kuonekana. Kraniofaringioma (uvimbe unaoota juu ya tezi hiyo), au meninjioma (uvimbe wa utando wa ubongo) iliyokaa juu ya mfupa wa kribrifomu, paa la pua, itawafungulia sisterna, yaani mabwawa ya maji yanayouzunguka ubongo, pengine hata ventrikali ya tatu iliyo ndani yake, na hapo maji hayachuruziki, yanabubujika.

Kisha mtazameni mgonjwa mwenyewe. Amewahi kupasuliwa septamu, ukuta unaotenganisha pande mbili za pua? Amewahi kupigwa mionzi? Ateri ya sfenopalatini, inayolisha utando wa pua, iliwahi kuchomwa ili kuzuia damu ya pua? Ana uzito mkubwa, maumivu ya kichwa ya muda mrefu, neva za macho zilizovimba, au sela (kishimo cha mfupa kinachobeba tezi ya pituitari) inayoonekana tupu kwenye picha? Dalili hizo za mwisho zinaashiria shinikizo kubwa ndani ya fuvu, na shinikizo hilo litasukuma ukarabati wowote, hata uliofanywa kwa ustadi.

Tokeni kwenye kikao hicho mkiwa na chaguo la kwanza na la akiba. Paja moja na eneo la kitovu, mnakoweza kuchukua fashia (utando mgumu unaofunika misuli) na mafuta ya kuzibia, vioshwe na kuzungushiwa mashuka safi tangu mwanzo, hata kama mnadhani hamtavihitaji, na mgonjwa awe ameelezwa mapema kwamba huenda akaamka na kidonda pajani. Nimewahi kuona timu ikitafuta paja chini ya mashuka huku maji yanatiririka. Dakika zile zilikuwa ndefu.

Inua flapu ya septamu mapema

Kwa miaka mingi matundu haya yalizibwa kwa vipande visivyo na mshipa wake wa damu: mafuta, fashia, utando wa turbineti (vijifupa vilivyojikunja pembeni mwa pua). Kwa tundu dogo vinatosha hadi leo. Kwa tundu kubwa vilishindwa mara nyingi. Mwaka 2006 Gustavo Hadad na Luis Bassagasteguy wa Rosario, Argentina, pamoja na wenzao wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha maelezo ya flapu ya utando wa septamu inayobaki imeshikamana na shina lenye ateri yake. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba matundu makubwa ya dura, utando mgumu unaoufunika ubongo, yaliyozibwa kwa vipande visivyo na damu yalivuja kwa asilimia 15.6, na yaliyozibwa kwa flapu zenye damu kwa asilimia 6.7. Tofauti hiyo si ndogo, na ndiyo iliyoifanya flapu hii kuwa chaguo la kwanza.

Iinue kabla ya kufungua ukuta wa mbele wa sainasi ya sfenoidi, uwazi wa mfupa ulio nyuma kabisa ya pua. Shina lake, yaani tawi la nyuma la septamu litokalo ateri ya sfenopalatini, hupita mbele ya ukuta huo, kati ya tundu la sainasi na koana, mlango wa nyuma wa pua. Ukianza na drili hapo, umekata tawi ulilokusudia kulikalia.

Tuliza pua kwa pamba zenye dawa ya kubana mishipa, sukuma turbineti ya chini pembeni, kisha chukua daiathemi (kifaa cha kukatia kwa umeme) yenye ncha ya sindano kwa moto mdogo. Mkato wa chini unaanzia juu ya koana, unashuka kwenye ukingo wa nyuma wa septamu, kisha unakuja mbele juu ya sakafu ya pua. Ukihitaji flapu pana, upeleke mkato huo pembeni zaidi, hadi chini ya turbineti ya chini. Mkato wa juu unaanzia usawa wa tundu la sainasi ya sfenoidi na kuja mbele, ukiacha sentimita 1 hadi 1.5 chini ya paa la septamu ili kuhifadhi utando wa kunusia. Ukishavuka eneo hilo unaweza kupanda juu. Mkato wa mbele unasimama wima kuunganisha hiyo miwili, karibu na kichwa cha turbineti ya chini.

Maliza mikato yote kabla ya kuanza kubandua. Flapu ikishalegea, kuikata ni kama kukata kitambaa kilichoning'inia: mkasi unakifukuza tu. Bandua kutoka mbele kwenda nyuma ukiwa chini kabisa, juu ya gegedu na mfupa wenyewe. Na uikate kubwa kuliko unavyodhani. Hunywea, na hakuna aliyewahi kunilalamikia kwamba flapu ilizidi.

Kabla ya kuikunja, weka alama ya wino upande wa utando ute. Saa tano baadaye, ikiwa imelowa damu, pande zake mbili zitafanana. Ihifadhi nyuma ya pua, juu ya koo, isipokuwa unakwenda kufanya kazi kwenye klaivasi, mfupa ulio mbele ya shina la ubongo. Hapo drili itaipitia, kwa hiyo iweke ndani ya sainasi ya taya uliyoifungua.

Ikiwa hujui kama maji yatatoka, usibandue yote. Kata sehemu ya juu na ya nyuma tu, usogeze utando na shina lake chini ili visiharibiwe na vyombo. Maji yakitokea utamalizia. Yasipotokea, umemwachia mgonjwa septamu yenye ngozi yake.

Pima mvujo kwa ukweli

Uvimbe ukishatoka, mwombe daktari wa usingizi ayajaze mapafu hewa kwa shinikizo na kuyashikilia kwa sekunde kadhaa. Wewe tulia, osha eneo, utazame. Kipimo kinachotumiwa sana, kilichotokana na upasuaji wa pituitari, kina daraja nne. Daraja 0, hakuna maji hata mapafu yakijazwa. Daraja 1, maji yanajitokeza kidogo kama jasho, na tundu lenyewe halionekani. Daraja 2, tundu linaonekana na maji yanatoka wastani. Daraja 3, tundu ni kubwa na maji ni mengi.

Kishawishi ni kushusha daraja ili mrudi nyumbani. Ukisitasita kati ya 1 na 2, ichukulie kuwa 2.

Andaa kitanda

Nikiambiwa nichague hatua moja tu ya kumfundisha mwanafunzi, nitachagua hii. Flapu haishiki juu ya utando ute. Inashika juu ya mfupa uliovuliwa. Zunguka tundu lote na ubandue utando ute kwenye mfupa kwa milimita kadhaa kila upande, pamoja na ule uliojificha kwenye pembe za sainasi ya sfenoidi ambako flapu itapita. Utando utakaofunikwa utaendelea kutoa ute chini ya flapu, na baada ya miezi au miaka utakuwa mukosele, yaani uvimbe wa ute uliokosa njia ya kutokea. Sawazisha pia vijiukuta vya mfupa ndani ya sainasi, maana kila kimoja ni nguzo itakayoinyanyua flapu kama hema.

Anza na ukingo wa chini. Damu hutuama pale na kuficha vipande vya utando. Osha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, fyonza, sogeza endoskopi karibu hadi mfupa uonekane mweupe wenye vitone vyekundu vya damu. Rangi ya waridi inayong'aa maana yake bado kuna utando. Rudia.

Chagua tabaka kulingana na mvujo

Daraja 0 linahitaji kidogo sana: kipande cha kolajeni juu ya sela, au utando huru kutoka sakafu ya pua, basi. Usimtoboe mgonjwa tumbo kwa ajili ya amani ya moyo wako.

Daraja 1 naziba kwa kolajeni ndani ya dura na utando huru juu yake. Daraja 2 naongeza mafuta. Mkato mdogo karibu na kitovu unatosha. Yakate kwa mkasi, si kwa daiathemi, kwa sababu yaliyoungua hayaishi. Usiishindilie sela. Makutano ya neva za macho yako juu tu ya hapo, na mafuta mengi yanaweza kuyabana kama uvimbe ulivyoyabana.

Daraja 3 ndilo linalostahili saa nzima ya kazi. Tabaka la kwanza huingia ndani ya dura, tabaka la pili hukaa kati ya dura na mfupa au juu ya mfupa, na flapu hufunika yote. Kwa fashia ya paja kuna njia mbili ninazozipenda.

Ya kwanza ni ya kifungo, iliyochapishwa mwaka 2010. Unakata vipande viwili vya fashia. Cha ndani kinazidi tundu la dura kwa takriban asilimia 25. Cha nje kinatosha kulifunika tu. Vishone pamoja kwa nyuzi nne za nailoni nje ya mwili, kisha kisukume kipande cha ndani kipenye dura huku cha nje kikibaki nje. Ukingo wa dura unakaa katikati ya vipande viwili, kama kitambaa kinavyokaa kati ya pande mbili za kifungo cha kubana. Uzuri wake ni kwamba mapigo ya ubongo yanayosukuma kutoka ndani yanakibana kipande cha ndani dhidi ya dura badala ya kukifungua.

Ya pili ilielezwa mwaka 2008. Fashia inayozidi tundu la mfupa kila upande inatandazwa juu yake, kisha kipande kigumu, mara nyingi mfupa wa vomeri, ulio nyuma ya septamu, uliochongwa kwa saizi ya tundu, kinasukumwa katikati hadi kingo zake ziteleze chini ya kingo za mfupa wa fuvu. Fashia inakunjamana kandokando ya kipande hicho na kuziba. Njia hii inataka mfupa imara pande zote. Pale ambapo ukingo wa tundu ni neva ya jicho au ateri ya karotidi isiyo na mfupa, iache. Kipande kigumu hakijui kutofautisha mfupa na neva.

Tundu la klaivasi lina shida yake. Ni refu, liko wima, maji yake yana nguvu, na nyuma yake ni ponsi, sehemu ya shina la ubongo. Fashia ikishakaa, jaza shimo la mfupa kwa mafuta hadi yalingane na uso wake. Mafuta yanaziba nafasi tupu, yanaizuia ponsi isishukie kwenye shimo, na yanaipa flapu uwanja tambarare wa kulalia.

Kabla ya kuendelea, mwombe tena daktari wa usingizi ayajaze mapafu. Maji yakionekana sasa, rekebisha sasa. Flapu haiji kuokoa msingi mbovu.

Laza flapu

Itoe ilikohifadhiwa, ikunjue, ufuate shina lake kwa macho kuhakikisha halikujisokota. Tafuta alama ya wino. Upande wenye wino unatazama pua. Upande uliokuwa kwenye gegedu unatazama tundu. Ukiigeuza, haitashika.

Anza kuigusisha karibu na shina, kisha itandaze kuelekea upande wa mbali, ukiisukuma na kifaa butu mkono mmoja na kufyonza taratibu mkono wa pili. Usiivute. Ikivutwa leo itarudi kesho, na itarudi kwa kuachia ukingo wa mbali. Ikiwa ni fupi, fungua zaidi kuelekea ateri ya sfenopalatini ili shina lipate uhuru, au jaza bonde kwa mafuta ili njia iwe fupi. Ukingo wote wa flapu ulale juu ya mfupa uliovuliwa, kila upande.

Sasa pita kingo zote, polepole, kuanzia saa 12 ya juu, kama mshale unavyozunguka uso wa saa. Mara nyingi nakuta mahali fulani flapu imejikunja chini kwa milimita mbili au tatu, na utando wake ute ndio uliogusa mfupa. Ukiwa mbali inaonekana imelala vizuri. Ukisogea unaona mkunjo wenye kimstari cha kivuli. Uinue, uunyooshe, uendelee.

Hapo ndipo selulosi inayoyeyuka huwekwa, ukianza na kingo na kumalizia katikati. Gundi ya faibrini au ya hidrojeli huja juu yake. Usiweke gundi chini ya flapu. Itazuia flapu isiguse mfupa, na mgusano huo ndio unaoponya. Gundi ni plasta ya muda, haizibi kosa.

Mwisho ni tegemeo. Pamba za puani, au puto la kateta ya Foley saizi 12 au 14. Puto lijazwe maji ya chumvi, kidogokidogo, endoskopi ikiwa ndani. Flapu ikibadilika rangi na kuwa nyeupe, punguza, kwa sababu umelibana shina. Na kateta isiegemee ukingo wa tundu la pua; ngozi pale hufa kwa siku mbili tu.

Septamu haipo

Saratani imeila, au upasuaji wa zamani umeiharibu. Kwa tundu dogo la nyuma, flapu ya turbineti ya chini inafaa, ingawa haifiki mbali. Kwa tundu la mbele, chini ya paji la uso, utando unaofunika mfupa wa fuvu kichwani unaweza kushushwa na ateri zake za juu ya jicho. Kwa klaivasi, fashia ya pembeni mwa kichwa inayolishwa na ateri ya juu ya panja hupitishwa nyuma ya taya. Hizi zinahitaji mkono uliokwisha kuzifanya. Usizijaribie usiku wa dharura.

Mrija wa mgongoni

Je, mgonjwa awekewe mrija mgongoni wa kupunguza maji ya ubongo? Kwa muda mrefu kila kituo kilikuwa na msimamo wake. Jaribio la nasibu lililochapishwa mwaka 2019, likiwa na wagonjwa 170, lilitupa kitu cha kushika. Walioingizwa ni wale wenye tundu la dura linalozidi sentimita moja ya mraba, au waliofunguliwa sana araknoidi (utando mwembamba ulio chini ya dura), sisterna au ventrikali. Waliowekewa mrija ulioondoa mililita 10 kwa saa kwa saa 72 walivuja asilimia 8.2, wasiowekewa, asilimia 21.2. Manufaa yalionekana hasa kwa matundu ya mbele na ya nyuma ya fuvu.

Kwa hiyo kwa matundu hayo nauweka. Kwa mvujo mdogo wa pituitari siuweki. Na nesi wa wodi ajue kwamba mgonjwa akikaa au kitanda kikipandishwa, mrija ufungwe kwanza, kisha kimo cha chupa kipimwe upya. Ukitoa maji kupita kiasi, hewa itanyonywa kupitia tundu na kuingia ndani ya fuvu.

Kuamka na siku za wodini

Mgonjwa aamke bila kukohoa kwa nguvu na bila kupuliziwa hewa kwa barakoa. Hewa hiyo ikipenya tundu, itakaa juu ya ubongo. Damu tumboni ifyonzwe kupitia mdomoni, mkiona mnachofanya, kabla hajaamka.

Andikeni kwa herufi kubwa juu ya kitanda: HAKUNA MRIJA PUANI. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30. Asipenge kamasi, apige chafya mdomo ukiwa wazi, asinywe kwa mrija, asiinue mzigo, apewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Mwenye mashine ya kupulizia hewa wakati wa kulala aiache hadi timu imruhusu. Mweleze sababu, si amri tu. Mgonjwa anayejua kwamba kupenga kunaweza kuinua flapu hatapenga.

Usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa ni dharura ya CT.

Ikivuja

Msikilize mgonjwa. "Daktari, koo lina chumvi" ni taarifa ya kweli hadi ithibitike vinginevyo. Mkalishe ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti, kichwa chini, asubiri dakika kadhaa na kichupa chini ya pua. Peleka maji maabara kupimwa beta-2 transferini, protini inayoonyesha kwamba ni maji ya ubongo. Kipimo cha sukari cha kijiti usikitegemee, wala duara jeupe kwenye shuka. Machozi na kamasi navyo hudanganya.

Ikithibitika, mimi narudi thieta mapema kuliko kusubiri. Kuna mgonjwa wa uvimbe wa klaivasi ambaye nilimrudisha siku ya nne. Flapu ilikuwa hai, ya waridi, nzuri. Nilizunguka kingo. Chini kushoto palikuwa na ukanda wa utando ute, upana wa ncha ya kalamu, ambao sikuubandua mara ya kwanza, na flapu ilikuwa imelala juu yake kama jani juu ya maji. Nikaubandua, nikaweka mafuta kidogo, nikairudisha flapu. Mvujo ulikoma. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa ukingoni.

Ikiwa kingo zote ni nzuri na bado inavuja, au inavuja tena wiki kadhaa baadaye, pima shinikizo la ndani ya fuvu. Huenda anahitaji asetazolamidi, dawa ya kupunguza maji hayo, au mrija wa kudumu wa kupunguza maji, na bila hivyo utaziba mara kumi.

Wiki zinazofuata

Septamu iliyoachwa wazi hufanya vigaga vingi kwa wiki kadhaa. Vibao vyembamba vya silikoni kila upande huilinda, na huondolewa baada ya wiki mbili au tatu. Mgonjwa asafishe pua kwa maji ya chumvi, bila nguvu, kuanzia siku utakayomruhusu. MRI yenye dawa ikipigwa, flapu iliyo hai itang'aa. Isiyong'aa imulikwe kwa endoskopi mara kwa mara. Kliniki, ondoa vigaga vya septamu na vya mlango wa pua. Kilichoganda juu ya flapu kiache, kitaachia chenyewe.